Uzembe wa Nani? Uhakiki wa Maelezo Yetu Kuhusu Ajali za Ujenzi

Kila mwaka huwapa wanafunzi wangu wa elimu ya siasa swali hili la insha: Kwa nini wafanyakazi wa ujenzi nchini mwetu huumia na kufa kazini, ilhali sheria ya kuwalinda ipo? Majibu hufanana. Karibu wote huanza kwa kusema kwamba wafanyakazi hawana elimu ya usalama; kwamba hawapendi kuvaa kofia ngumu; kwamba wengine hupanda juu wakiwa wamelewa; na kwamba kwa jumla ajali nyingi hutokana na uzembe. Baada ya hapo, kwa aya moja au mbili, husemwa kwamba wakaguzi ni wachache na makandarasi wana tamaa. Insha hufungwa kwa kupendekeza semina.

Sina haki ya kuwacheka vijana hawa. Majibu yao wameyapata kwetu. Ndivyo viongozi wengi wanavyosema wakitembelea miradi, na ndivyo zinavyoelekeza tafiti nyingi za vyuo vyetu, ambazo huorodhesha mambo yanayoathiri uzingatiaji wa sheria za usalama kazini, kisha huwapelekea wasimamizi wa miradi hojaji wayape alama kuanzia moja hadi tano. Elimu hupata alama zake, mwelekeo wa mfanyakazi hupata zake, vifaa vya kinga, usimamizi na gharama vivyo hivyo. Mwishoni hupatikana jedwali safi, ambamo mambo yote yamesimama bega kwa bega kana kwamba yana asili moja.

Makala hii inakusudia kuyahakiki maelezo hayo. Sikanushi kwamba elimu inahitajika, wala kwamba wapo wafanyakazi wasiojali. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba neno "uzembe", kwa jinsi linavyotumika, linatuficha swali la msingi la kisiasa: Nani mwenye madaraka juu ya fedha, juu ya muda, na juu ya kusimamisha kazi? Madaraka hayo yalipo ndipo wajibu ulipo. Na kwa sehemu kubwa ya ujenzi unaofanyika nchini leo, madaraka hayo yamo mikononi mwetu wenyewe.

DAFTARI LA NYAPARA

Nianze na jambo nililoliona kwa macho yangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kumaliza kidato cha nne na kabla sijaingia chuo cha makada, nilifanya kazi ya saidia fundi Dar es Salaam kwa miezi kadhaa. Jengo lilikuwa la ghorofa mbili, mali ya tajiri mmoja. Tulilipwa kwa kutwa. Siku ya kumwaga zege la jamvi la juu, mashine ya kuchanganyia zege ilikuwa imekodiwa kwa siku moja tu. Jukwaa letu lilikuwa la mirunda iliyofungwa kwa kamba na mbao juu yake. Asubuhi ile mbao kadhaa za jukwaa zilikuwa zimeng'olewa kwenda kuzibia pembe ya jamvi, kwa sababu mbao zilizonunuliwa hazikutosha.

Fundi mmoja, ndugu wa makamo aliyetoka Singida, alimwambia nyapara mbele yetu sote kwamba jukwaa halifai, zitafutwe mbao nyingine. Nyapara alijibu kwamba mashine imekwisha kuwashwa na saruji imekwisha kufunguliwa. Tumalize kwanza, mbao zitaletwa kesho. Tulimaliza. Alasiri, yule ndugu akirudi na karai tupu, alikanyaga ncha ya ubao ambao haukufungwa, akaanguka hadi chini na kuvunjika nyonga. Alipelekwa hospitali kwa teksi. Tajiri alilipia matibabu ya siku ya kwanza. Hakulipia ya siku ya pili.

Jioni, wakati wa kutia sahihi malipo, niliona daftari la nyapara. Palikuwa na jina la yule ndugu, na mbele yake maneno haya: "Ameanguka kwa uzembe wake. Kutwa nusu." Miaka imepita sasa, na bado nayakumbuka yale maneno mawili ya mwisho. Alikatwa hata nusu ya ujira wa siku aliyovunjika.

Nyapara yule hakuwa mtu katili. Yeye mwenyewe alikuwa amechukua ufundi wa jengo zima kwa fedha ya mkupuo, vifaa vikiwa vya mwenye nyumba. Kila siku iliyoongezeka iliila fedha yake. Kama angeandika ukweli, yaani kwamba jukwaa lilipungukiwa mbao na yeye aliambiwa, angekuwa amejishtaki yeye na tajiri wake. Basi aliandika neno ambalo halimshtaki mtu yeyote mwenye kauli.

ASILI YA NADHARIA YA UZEMBE

Baadaye, nilipokuwa nikisoma juu ya usalama kazini, nilikutana tena na daftari lile, safari hii likiwa limevaa joho la sayansi. Mwaka 1931 Mmarekani H. W. Heinrich, mtumishi wa kampuni ya bima ya Travelers, alichapisha kitabu juu ya kuzuia ajali viwandani. Humo alidai kwamba amechunguza ajali 75,000 na kugundua kuwa asilimia 88 zilisababishwa na vitendo vya hatari vya watu, asilimia 10 na hali mbaya ya mashine na mazingira, na asilimia 2 hazikuweza kuzuilika. Tarakimu hizo zimezunguka dunia nzima. Hata leo ukiingia katika semina ya usalama unaweza kuzikuta ukutani, mara nyingi bila jina la mwenyewe.

Lakini kada hana budi kuuliza: Habari za ajali zile zilitoka wapi? Zilitoka katika majalada ya madai ya bima na katika kumbukumbu za wenye viwanda. Kwa maneno mengine, zilitoka katika madaftari ya manyapara. Aliyeandika sababu ya ajali alikuwa msimamizi, yaani mtu yule yule ambaye angelaumiwa kama sababu ingekuwa mashine isiyokingwa au mbao zilizopungua. Aliyeumia hakuulizwa, na wakati mwingine hakuwa hai wa kuulizwa. Isitoshe, Heinrich aliipa kila ajali sababu moja tu. Kwa utaratibu huo, ajali ya yule ndugu wa Singida ingehesabiwa katika zile asilimia 88, kwa sababu ni kweli kwamba alikanyaga ubao. Nani aliziondoa mbao, nani aliambiwa, nani aliamua kazi iendelee, hayo yangebaki nje ya hesabu.

Wala nadharia hii haikuanzia Marekani. Uingereza ilipotunga Sheria ya Viwanda ya 1833 iliteua wakaguzi wanne, na mmoja wao alikuwa Leonard Horner, ambaye taarifa zake Karl Marx alizitumia sana katika kuandika Capital. Sheria ya 1844 iliamuru mashine zizungushiwe kinga. Wenye viwanda walipoona kwamba Horner na wenzake wanataka sheria ifuatwe kwa vitendo, mwaka 1855 waliunda umoja wao huko Manchester, wakachanga fedha za kupinga kesi na kushawishi wabunge. Hoja yao ilikuwa kwamba kinga ni gharama isiyo na maana na kwamba wanaoumia huumia kwa kutojihadhari kwao. Mwaka 1856 Bunge liliilegeza sheria. Tazama basi: kabla ya kuwa matokeo ya utafiti wowote, uzembe wa mfanyakazi ulikuwa utetezi wa mwenye mali mahakamani.

SHERIA ILIYODUMU KULIKO ITIKADI

Msomaji anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya mabepari wa Ulaya, nasi tulikwisha kuchagua njia yetu. Hapa yatupasa kujikosoa. Sheria iliyolinda usalama wa viwanda na ujenzi Tanganyika ilitungwa na Mwingereza mwaka 1950, kwa mfano wa sheria za kwao. Tulipata uhuru mwaka 1961, sheria ikabaki. Tukatangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, sheria ikabaki. Tukatoa Mwongozo wa 1971, uliomtaka kiongozi aache ubwana na mfanyakazi ashirikishwe katika maamuzi, sheria ikabaki. Ilidumu miaka 53, hadi ilipotungwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Sheria ya fidia ya 1949 nayo iliendelea hadi ikafutwa na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008.

Hatukukosa nia. Katika miaka ile tuliamini kwamba njia kuu za uchumi zikishakuwa mali ya umma, hatari za kazini zitaondoka zenyewe pamoja na bepari. Hazikuondoka. Ubao usiofungwa humwangusha mfanyakazi wa shirika la umma kama unavyomwangusha wa tajiri. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulianzisha mabaraza ya wafanyakazi, lakini kazi yake ilikuwa kushauri. Pale uongozi ulipokuwa na kiburi, baraza liligeuka mahali pa kutangaziwa yaliyokwisha amuliwa. Somo hilo tutalirudia mbele.

Ni haki pia kusema yaliyofanyika. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi ulianzishwa mwaka 2001. Sheria ya 2003 inamtaka mwajiri asajili mahali pa kazi, atoe vifaa vya kinga, awapime wafanyakazi afya, awe na wawakilishi wa usalama kutoka kwa wafanyakazi, na atoe taarifa za ajali. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi mwaka 2015, na anayechangia ni mwajiri peke yake. Ni kosa kumkata mfanyakazi. Hizo ni hatua kubwa. Kwa hiyo tatizo letu leo si ukosefu wa sheria. Tunatakiwa kueleza kwa nini sheria nzuri inaishia langoni mwa eneo la ujenzi.

NANI HUPANGA BEI NA SIKU

Tuchukue kwanza bei. Katika vitabu vya zabuni, usalama mara nyingi huwekwa miongoni mwa gharama za utangulizi, pamoja na uzio, choo cha muda na bango la mradi. Mkandarasi huandika kiasi kimoja cha jumla, au huacha nafasi wazi, na kuiacha wazi maana yake gharama hiyo imo ndani ya bei nyingine. Sasa fikiri makandarasi watatu wanaoshindania shule moja. Anayehesabu kwa uaminifu majukwaa ya chuma, nyavu, mikanda, mafunzo na afisa wa usalama, bei yake inapanda, naye anashindwa. Anayeshinda ni yule aliyeviacha. Hapo, kabla hata msingi haujachimbwa, jukwaa la mirunda limekwisha amuliwa, na mwamuzi ni kamati ya zabuni iliyokaa mezani kwa utulivu.

Mkandarasi naye hugawa kazi: nondo kwa huyu, mbao kwa yule, kumwaga zege kwa mwingine. Kila mmoja hukata sehemu yake, na wa mwisho huchukua ufundi peke yake kwa mkupuo. Anayefika chini ya ngazi hiyo ni kibarua asiye na mkataba wa maandishi, ambaye jina lake limo katika daftari tu. Anayelipwa kwa mkupuo au kwa kipande hana faida yoyote ya kusimama afunge mkanda. Kila dakika ya usalama inatoka mfukoni mwake. Tunamwita mzembe kwa kufuata hesabu ambayo sisi tumeipanga.

Hata kima cha chini cha mshahara kimefuata ukubwa wa mwajiri. Amri ya mishahara ya 2013 iliweka kwa mwezi shilingi 325,000 kwa makandarasi wa daraja la kwanza, 280,000 kwa daraja la pili hadi la nne, na 250,000 kwa daraja la tano hadi la saba. Sababu yake inaeleweka: mdogo hana uwezo wa mkubwa. Lakini mfanyakazi akianguka kutoka ghorofa ya pili, ardhi haimuulizi mwajiri wake ni wa daraja gani. Kwa mkandarasi mdogo ndiko yaliko majukwaa dhaifu, na ndiko ujira ulikowekwa chini.

Tuje kwenye muda. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28. Katika siku saba, likimwagiliwa vizuri, huwa limefikia takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo. Mirunda inayolishika jamvi hukodiwa kwa siku, kwa hiyo kila siku ya kungoja ni fedha. Handaki nalo lisilowekewa kingo huchimbwa haraka kuliko lililowekewa. Lakini mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa tani moja na nusu au zaidi, na aliyefukiwa hadi kifuani huenda asiweze kuvuta pumzi. Mambo haya fundi anayajua. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kusema "tungoje".

Na nani hupanga tarehe? Mara nyingi ni sisi. Tunatangaza siku ya uzinduzi, tunapanga siku ya kuweka jiwe la msingi, tunajua tarehe ambayo Mwenge wa Uhuru utapita, kisha tunaagiza kazi ikamilike "usiku na mchana". Kiongozi anafika amevaa kofia ngumu safi na fulana inayong'aa, anapigwa picha, na nyuma yake amesimama kijana mwenye kandambili. Kofia zilizogawiwa asubuhi hukusanywa jioni. Sisemi uzinduzi usiwepo. Nasema tarehe iliyowekwa bila kumuuliza mhandisi ni amri ya kuondoa mirunda mapema, ijapokuwa hakuna aliyeitia sahihi.

Ajali kubwa mbili za Dar es Salaam zinatosha kuthibitisha kwamba tunatazama mahali pasipo penyewe.  Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, wakiwamo watoto waliokuwa wakicheza karibu. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, wengi wao wafanyabiashara na wateja. Taarifa za wakati ule zilieleza kwamba sehemu yake ya chini ilikuwa ikipanuliwa. Kofia ngumu gani ingewaokoa watu hao? Hatari iliyowaua ilitengenezwa na maamuzi ya wenye mali, ya watoa vibali na ya wasimamizi, muda mrefu kabla ya siku yenyewe.

HOJA YA KOFIA

Mtu atasema: "Mbona tumewapa kofia na hawavai? Huo si uzembe?" Hoja hii isidharauliwe, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Wapo wanaopewa wasivae. Lakini yafaa tuwaulize wenyewe sababu. Kofia moja huvaliwa na watu wanne kwa zamu, ina jasho la jana. Buti ni za namba moja tu. Glavu zimetoboka tangu wiki ya kwanza, na saruji mbichi inaingia ndani na kuunguza ngozi vibaya zaidi kuliko mkono mtupu unaonawa mara kwa mara. Mkanda upo, lakini juu hakuna pa kuufunga. Mtu anayekataa vifaa vya namna hiyo huenda akawa ana akili timamu kuliko anayemlaumu.

Pia kofia ndiyo kinga ya mwisho. Kwanza huondolewa hatari yenyewe. Isipoondoka, huwekwa kizuizi kati ya mtu na hatari, kama wavu, ukingo au jukwaa imara. Ikibaki hatari kidogo, ndipo mtu huvishwa. Sisi tumeanzia mwisho, kwa kuwa kofia ni rahisi, inaonekana katika picha, na inauhamishia mwili wa mfanyakazi wajibu wote.

Upande wa afya ndio tunaousahau kabisa. Anayekata mawe na vigae, au anayefagia vumbi la zege, huvuta silika, ambayo huyaharibu mapafu polepole. Ugonjwa hujitokeza baada ya miaka. Kufikia hapo kibarua amepitia waajiri kumi, hana karatasi hata moja, na amerudi kijijini. Kijijini husemwa ana kikohozi kisichopona. Huyu haingii katika hesabu ya ajali wala ya fidia, na hakuna atakayemwita mzembe, kwa sababu hakuna anayejua kwamba aliumizwa.

SISI TULIO WAAJIRI

Sasa nifikie jambo ambalo limenisukuma kuandika. Kwa miaka ya karibuni sehemu kubwa ya madarasa, zahanati na vituo vya afya imejengwa kwa utaratibu wa mafundi wenyeji, ule unaoitwa fosi akaunti. Mwaka 2021, kwa fedha za mpango wa kukabili UVIKO-19, Serikali ilijenga madarasa 15,000 kwa muda mfupi. Mimi ni mmoja wa walioshangilia, na sijuti. Watoto waliacha kukaa chini ya miti. Gharama ilipungua, na fedha ilibaki vijijini.

Lakini tuulize: Katika utaratibu huo, ambapo mkandarasi ameondolewa, nani mwajiri? Hakuna mwingine ila kamati ya ujenzi, mwalimu mkuu, kijiji na halmashauri. Faida ya mkandarasi tuliiondoa. Je, wajibu wake tuliubeba? Mwaka juzi nilikwenda na wanafunzi kutazama ujenzi wa darasa katika kata moja. Niliuliza kamati, ambayo nusu yake ni wanachama wenzetu, maswali matatu: Mafundi hawa wamesajiliwa wapi? Akianguka mmoja atalipwa na nani? Fedha ya jukwaa iko katika kifungu gani? Kwa swali la kwanza walitazamana. Kwa la pili mwenyekiti alisema, "Mungu atatusaidia, Mwalimu, mafundi wetu ni waangalifu." Kwa la tatu alicheka kwa uungwana.

"Mafundi wetu ni waangalifu." Hapo ndipo nilipolisikia tena daftari la nyapara, kwa sauti ya ndugu mwema asiyemnyonya mtu. Maana kama usalama wote umewekwa juu ya uangalifu wa fundi, basi siku atakapoanguka sababu imekwisha andikwa. Nadharia ya uzembe haimhitaji bepari ili ifanye kazi. Inamhitaji mtu yeyote mwenye bajeti finyu, tarehe iliyokaribia, na uwezo wa kuandika.

KAZI YA KADA

Kutokana na hayo napendekeza mambo manne yajadiliwe katika matawi na madarasa yetu.

Kwanza, katika kila mradi wa umma, usalama uwe na kifungu chake chenye bei iliyopangwa na mwenye mradi, kilichotolewa nje ya ushindani wa zabuni. Mkandarasi ashindane kwa ufundi na kwa utaratibu wa kazi, asishindane kwa kupunguza mbao za jukwaa. Fedha hiyo ilipwe kwa kilichoonekana kimefanywa. Miradi ya fosi akaunti iwe na kifungu hicho hicho, pamoja na usajili wa mafundi katika Mfuko wa Fidia kabla ya tofali la kwanza.

Pili, mwakilishi wa usalama achaguliwe na wafanyakazi wenyewe, vibarua wakiwamo, naye awe na mamlaka ya kusimamisha kazi yenye hatari ya wazi bila kukatwa ujira. Jambo hili si geni. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981, katika kifungu cha 13, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mbele ya hatari kubwa iliyo karibu. Na tangu Juni 2022 mazingira salama ya kazi yamehesabiwa miongoni mwa haki za msingi zinazopaswa kuheshimiwa na kila nchi mwanachama wa Shirika hilo. Tusirudie kosa la mabaraza ya 1970. Mwakilishi asiye na uwezo wa kusema "simama" atageuka mgawaji wa kofia.

Tatu, kila ajali iandikwe na pande mbili: maelezo ya msimamizi na maelezo ya aliyeumia au wenzake, na swali la mwisho katika fomu liwe hili: Nani aliambiwa kabla? Wanafunzi wanaokwenda kufanya utafiti nao wawapelekee hojaji wabeba zege, au afadhali wakae nao kwa mama ntilie wakati wa chakula cha mchana, kuliko kuwauliza mameneja juu ya tabia za wafanyakazi wao.

Nne, sisi viongozi na wakufunzi tuache kutangaza tarehe za uzinduzi ambazo mhandisi hakuzitia sahihi. Kada akialikwa kwenye mradi aombe kwanza kupanda jukwaa analopanda kibarua. Akiliogopa, amekwisha kufanya ukaguzi.

Azimio la Arusha lilitufundisha kwamba maendeleo huletwa na watu, na fedha ni matokeo tu ya juhudi zao. Tumezoea kulitamka somo hilo juu ya majukwaa ya mikutano. Yatupasa sasa kulipeleka kwenye majukwaa ya mirunda. Kwa wanafunzi wangu, swali la insha la mwaka huu nimelibadili. Linasema: Taja jengo moja la umma lililojengwa katika kata yako tangu ulipoanza shule, eleza waliolijenga walikuwa akina nani, na nani kati yao aliumia. Wengi wamekwisha kuniambia kwamba sehemu ya kwanza ni rahisi, na zile nyingine mbili hakuna ofisi inayoweza kuwajibu. Nimewaagiza waende kwa mafundi.